Bawa la Milimita Mbili: Namna ya Kuwasoma Nondo Wadogo wa India na Sri Lanka

Haya jamani, asanteni kwa kuja, na nyie wa nyuma sogeeni mbele kidogo maana picha zangu leo ni za vitu vidogo sana na skrini yetu ndo hiyo mnaiona. Naongelea nondo, ila sio wale wakubwa wanaogonga taa barazani usiku, naongelea wale wadogo kabisa wa India, Sri Lanka, Bangladesh na Nepal, ambao watu wanapishana nao kila siku bila hata kujua kwamba yule naye ni nondo kamili mwenye mabawa manne na antena zake.

Tuanze na huyu hapa. Anaitwa Phyllocnistis citrella, jina alipewa mwaka 1856 na Mwingereza mmoja anaitwa Stainton, kwa sampuli zilizotoka Calcutta, Kolkata ya leo. Ukimfungua mabawa yote, kutoka ncha hii mpaka ncha ile, ni kama milimita nne au tano hivi, kwa hiyo bawa moja ni milimita mbili na kidogo. Angalieni rangi: nyeupe inayong'aa kama fedha, mistari ya kahawia, halafu pale kwenye ncha kabisa kuna nukta nyeusi, moja tu. Kama umelima machungwa au ndimu unamjua huyu hata kama hujawahi kumwona, kwa sababu kiwavi wake ndo anayechora ile njia ya kuzungukazunguka ndani ya jani changa mpaka jani linajikunja. Siku hizi yupo karibu kila sehemu duniani yenye michungwa, na kwetu Afrika Mashariki pia yupo.

Sasa swali, ile nukta nyeusi inakwambia nini? Msimamo wangu nautoa mapema ili mtu akitaka kubisha aanze kujiandaa: alama za bawa zinatosha kukwambia huyu ni wa jamaa gani, lakini mara nyingi hazitoshi kumtaja kwa jina lake, na pale watu walipojifanya zinatosha ndo yametokea matatizo ambayo mkulima anayalipia mpaka leo. Lakini sisemi tuache kuziangalia! Nasema tujifunze kuzisoma vizuri.

Bawa la mbele la nondo lichukulie kama kanga, lina mji na lina pindo. Mji ni pale katikati, pindo ni ukingo wote wa kuzunguka. Kwenye familia nyingi za nondo hawa wadogo utakuta kwenye mji kuna nukta tatu nyeusi, mbili zimefuatana katikati ya bawa na moja iko chini kidogo karibu na mkunjo, na hizo nukta zinajirudia spishi baada ya spishi, wakati mwingine zimefifia, wakati mwingine zimeungana zikawa mstari, lakini ukishajua mahali pake utazitafuta na utazipata. Kwenye pindo la mbele, lile linalokata hewa, ndo kuna vistari vifupi vya kuingia ndani, na hapo kuna jambo ambalo mimi linanifurahisha sana. Watafiti wawili wa Marekani, Schachat na Brown, waliwaangalia nondo wa kale kabisa wanaoitwa Micropterix, wakaonyesha kwamba ile mistari haikai ovyo, inafuata mahali mishipa ya bawa inapofika kwenye ukingo. Yani mshipa na rangi vinaongea. Mchoro una mifupa chini yake.

Na rangi yenyewe ni vigamba. Kila kigamba kimoja kina rangi yake moja, vimepangwa vikilaliana, ndo maana ukimshika nondo kwa vidole anabaki na bawa tupu na wewe unabaki na unga. Zile zinazong'aa kama madini, dhahabu na fedha, nyingi sio rangi ya kupaka, ni umbo la kigamba lenyewe linavyorudisha mwanga, kwa hiyo ukigeuza tochi inabadilika, na hapo wapiga picha wanachanganyikiwa wanadhani wamepata nondo wawili. Kingine, hawa wadogo kabisa bawa lenyewe ni jembamba sana, sehemu kubwa ya upana unaouona ni vigamba vilivyorefuka vikawa kama nywele pembeni. Sampuli ikizeeka nywele zinaanguka, na nusu ya bawa imeondoka nazo.

Haya, nani aliwapa majina hawa wote? Hapa lazima tumtaje Edward Meyrick, alizaliwa 1854 akafariki 1938, na kazi yake ya kila siku ilikuwa ualimu, alifundisha shule ya Marlborough huko Uingereza. Sikilizeni hii namba: spishi zaidi ya 14,000 alizipa majina yeye. Za India, Sri Lanka, Afrika, Australia, Amerika ya Kusini, kote. Kuanzia 1912 mpaka 1937 alikuwa anachapisha kwa gharama zake mfululizo wa maelezo ya nondo wadogo wa nchi za mbali, kurasa kwa kurasa za maneno, picha hakuna. Fikiria mwanafunzi wa Kolkata au Colombo ana nondo wa milimita nane mkononi, halafu anasoma kwamba bawa ni la kijivu kilichochanganyika na kahawia, nukta ya kwanza iko nyuma kidogo ya nyingine, ukingo una vumbi la rangi nyeupe. Na ukurasa unaofuata kuna kingine kimeelezwa karibu hivyohivyo!

Simdharau Meyrick hata kidogo, na nakereka watu wanapomdharau. Macho yake yalikuwa ya ajabu na alitumia mishipa ya bawa kupanga familia, jambo lililokuwa la maana sana wakati ule. Tatizo lake ni kwamba aligoma kuangalia sehemu za uzazi za nondo kwa hadubini. Wenzake walishaanza, yeye akabaki na lenzi yake ya mkononi. Kwa nini sehemu za uzazi? Kwa sababu dume na jike wa spishi moja maumbo yao ya uzazi yanaendana, na kila spishi ina umbo lake, sasa mabawa yanaweza kufanana kabisa lakini ukitoa tumbo ukalichemsha kwenye dawa na kuliweka chini ya hadubini unakuta viungo ni vitu viwili tofauti kabisa. Baada ya Meyrick kufa sampuli zake zikaenda makumbusho ya London, na Mmarekani mmoja, Gates Clarke, kuanzia 1955 akaanza kutoa vitabu vyenye picha za mabawa na za hizo sehemu za uzazi za sampuli asilia za Meyrick, yani zilezile alizozitumia kutoa majina, vitabu vinane vizima. Hapo ndo watu wengi waliona kwa mara ya kwanza Meyrick alikuwa anaongelea mdudu gani.

Na Meyrick hakwenda kukamata hawa wa India mwenyewe, walikuwa wanamfikia kwa posta. Aliyemtumia wengi ni Bainbrigge Fletcher, mtu aliyekuwa kwanza kwenye jeshi la majini la Uingereza, akakaa Ceylon, yani Sri Lanka ya leo, akaandika kuhusu nondo wa mabawa ya manyoya wa kule, kisha akawa mtaalamu mkuu wa wadudu wa serikali ya kikoloni kwenye chuo cha utafiti wa kilimo cha Pusa, jimbo la Bihar huko India. Kile chuo kiliharibiwa na tetemeko la Januari 1934, baadaye kikahamishiwa Delhi. Mimi Fletcher namheshimu kwa jambo moja kubwa: yeye na wasaidizi wake hawakukamata tu nondo kwenye taa, walifuga. Wanachukua jani lenye kiwavi, wanaandika ni mti gani, kiwavi yuko ndani ya jani au amekunja jani au yuko kwenye tunda, wanasubiri nondo atoke. Wale wasaidizi wa Kihindi majina yao hayasikiki sana ukilinganisha na ya Fletcher na Meyrick, na hilo linaniuma, maana kazi ya kukaa na kiwavi mpaka mwisho ni kazi ngumu kuliko kuandika mistari sita ya maelezo.

Karibu na Pusa kuna Muzaffarpur, kunakolimwa sana lichi, lile tunda la ukoo wa shokishoki. Lichi ina nondo wake, mwembamba, kahawia, ana mistari myeupe ya kwenda upande upande na kwenye ncha ana doa la njano. Sasa kule Indonesia na Malaysia kuna nondo anayeharibu kakao, naye ni mwembamba, kahawia, mistari myeupe, doa la njano. Kwa miaka mingi wakaitwa jina moja. Mwaka 1986 Bradley wa London akaangalia ndani akasema hapana, wa kakao abaki Conopomorpha cramerella, wa tunda la lichi ni Conopomorpha sinensis, na kuna mwingine wa majani ya lichi, Conopomorpha litchiella. Na kabla ya hapo hao walikuwa wanatupwa kwenye jenasi, yani kundi la spishi za karibu ndani ya familia, inaitwa Acrocercops, ambayo ilikuwa imejaa kila nondo mwembamba mwenye mistari myeupe. Mistari ile kweli inaonyesha familia, Gracillariidae, hapo haikudanganya. Kudanganywa kulianza pale ilipoulizwa jina.

Sasa nije kwenye mfano unaotugusa sisi moja kwa moja, bilinganya. Huyu ni mkubwa kidogo, kama sentimita mbili akifungua mabawa, Leucinodes orbonalis, jina la mwaka 1854 la Guenée, Mfaransa. Mabawa meupe yanayopitisha mwanga, mabaka ya kahawia yenye wekundu, na akitua anakunja tumbo lake juu, ukimwona mara moja humsahau. India na Bangladesh huyu ndo adui namba moja wa bilinganya, kiwavi anaingia kwenye chipukizi kisha kwenye tunda, dawa ya kunyunyiza haimfikii, wakulima wananyunyiza tena na tena, mpaka Bangladesh mwaka 2013 ikaruhusu bilinganya zilizobadilishwa vinasaba kwa ajili yake tu.

Afrika nako vitabu vilikuwa vinasema tunaye, huyohuyo orbonalis, kwenye bilinganya na nyanya chungu. Bawa jeupe, mabaka ya kahawia, kwisha habari. Halafu wakaguzi wa Ulaya wakawa wanakuta viwavi kwenye matunda yanayotoka Afrika na yanayotoka Asia, na kiwavi hana bawa la kuangalia, ikabidi waingie kwenye vinasaba, na mwaka 2015 Richard Mally na wenzake wakatoa majibu: wale wa Afrika kusini mwa Sahara sio orbonalis. Ni spishi nyingine, saba kati yake zilikuwa hazijawahi kupewa jina! Leo kuna Leucinodes africensis, kuna kenyensis, kuna ugandensis, kuna malawiensis, na mmoja wakamwita pseudorbonalis kwa vile alivyofanana. Miaka yote hiyo tulikuwa na nondo wetu wenyewe shambani tunawaita kwa jina la mgeni. Na hii sio mambo ya majina tu, maana mtego wa harufu ya jike unatengenezwa kwa spishi fulani, ukiuleta kwa spishi nyingine dume anaweza asije kabisa, na nyigu anayekula viwavi wa huyu sio lazima amtake yule.

Kuna aliyeniuliza kabla hatujaanza kwamba hizi alama zina kazi gani kwa nondo mwenyewe. Nyingi ni kujificha, kwenye magome, kwenye kuvu ya majani, wengine wakitulia wanafanana na kinyesi cha ndege. Lakini kuna jenasi moja, Brenthia, wapo Amerika, wapo pia India na Sri Lanka, hawa wananyanyua mabawa juu na kuyatandaza, kuna madoa kama macho, halafu wanatembea kwa kurukaruka. Wanamwigiza buibui mrukaji, yuleyule anayewala. Rota na Wagner walifanya jaribio Costa Rica wakatoa matokeo 2006: buibui akimwona Brenthia, badala ya kumrukia anaanza kumtishia kwa miguu kama anavyomtishia buibui mwenzake, na nondo hawa waliponea zaidi kuliko nondo wengine. Kwa hiyo pale alama zinasomwa na buibui, sio sisi, na pia haziendi bila mwendo, maana bawa lililobandikwa pini kwenye boksi London halirukiruki.

Ndo maana wanaonitumia picha huwa nawaomba mambo yaleyale. Piga akiwa hai, ametulia kama alivyotua mwenyewe, kwa juu na kwa pembeni, maana wengine wa Gracillariidae wananyanyua kichwa na wengine wanalala bapa, na mkao unasaidia kama rangi. Weka rula kwenye picha. Usimfute vigamba. Kama ametoka kwenye jani, jani usilitupe, likaushe ndani ya karatasi uandike mti gani, wapi na tarehe, na kama una wengi mmoja muweke kwenye spiriti kali ili siku moja mtu aweze kumpima vinasaba. Halafu mkiandika jina, kama mmefika kwenye jenasi tu, andikeni jenasi muishie hapo, aliyebaki na hadubini atamalizia. Haya, maswali, tuanze na dada pale pembeni.