Gego Lililomeguka: Kati ya Kuziba na Kuvisha Kofia

Ndugu zangu, karibuni. Hebu kila mmoja apitishe ulimi juu ya gego lake. Utasikia vilima vinne au vitano. Hivyo ndivyo vinavyosaga chakula, na ndivyo vinavyomeguka siku umeuma jiwe kwenye maharage.

Wengi wakifika kliniki wanajua mambo matatu: kuziba, kung'oa, au kuvisha kofia. Leo nazungumzia la nne, linaloitwa onlei, yaani kipande kigumu kinachogundishwa juu ya jino kufunika sehemu iliyodhoofika.

Kuziba kunafaa kuta za jino zikiwa bado nene. Zikishakuwa nyembamba, kila unapotafuna ile dawa iliyozibiwa inasukuma kuta kama kabari kwenye gogo. Kofia nayo inataka jino lichongwe kuzunguka lote, hata upande ulio mzima. Hapo ndipo mimi hutia breki. Enameli, lile gamba gumu la nje, haioti tena, kwa sababu chembehai zilizoitengeneza hufa jino likishatoka kwenye fizi. Ukiichonga, imekwenda.

Onlei inafunika vile vilima dhaifu tu. Tunapunguza kama milimita 1.5 hadi 2 juu ya kilima kilichochoka, upande mzima tunauacha ulivyo. Kisha tunachukua vipimo, na fundi wa maabara anatengeneza kipande cha dhahabu, seramiki au rezini ngumu, yaani aina ya plastiki. Zipo pia mashine zinazokichonga hapo hapo kliniki. Ya kwanza ilitumika Zürich, Uswisi, mwaka 1985.

Kinachoshika kipande hicho ni gundi, na gundi ina masharti. Mwaka 1955, Mmarekani Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforiki, rezini huishika barabara. Ndiyo kazi tunayofanya mpaka leo. Tunavisha jino mpira mwembamba ili mate yasifike, tunapaka asidi kwa sekunde 15 hadi 30, tunaosha, tunapuliza hewa. Enameli inapoteza mng'ao, inakuwa nyeupe ya vumbi. Mate yakigusa hapo, tunaanza upya. Kwa hiyo daktari akikuambia usifunge mdomo, mvumilie.

Wanaonisikitisha ni waliotibiwa mzizi. Maumivu yakiisha, mtu haonekani tena. Lakini gego hilo limetobolewa katikati, kuta zimebaki zimesimama peke yake. Anarudi limepasuka mpaka chini, na hapo hakuna onlei wala kofia, ni koleo. Gego la namna hiyo lifunikwe mapema.

Si kila jino linafaa, lakini. Lililovunjika kwa kina chini ya fizi ni gumu kukaushwa, na gundi haitashika. Anayesaga meno usingizini aseme mapema, atengenezewe kinga ya kuvaa usiku. Na bei, siwafichi, inazidi ya kuziba, maana kuna kazi ya maabara na kwa kawaida unakuja mara mbili.

Mama pale nyuma ameuliza kama jino lenye onlei linaweza kuoza. Mama, kipande chenyewe hakiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza, na mara nyingi huanzia pale vinapoungana. Piga mswaki hapo asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi, upitishe na uzi. Na kile kipande cha muda unachowekewa ukisubiri cha maabara kikibanduka kabla ya siku yako ya miadi, kifunge kwenye karatasi, uje nacho siku hiyo hiyo kilipobanduka.