Lionel Taylor: mdakaji wa Denver aliyefika mpaka London kufundisha

Asanteni sana jamani, shikamooni wakubwa wote mliopo, na nyie vijana mambo vipi. Nimepewa muda niongee kuhusu futiboli ya Kimarekani na najua wengi mlitegemea nitaleta Tom Brady au Patrick Mahomes, lakini hapana, nimewaletea mzee mmoja anaitwa Lionel Taylor, wengi wenu hamjawahi kumsikia kabisa, na mimi naamini nyie mnaofundisha vijana mnamhitaji huyu kuliko hao wengine wote.

Kwanza kwa wageni wa mchezo. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne isogee yadi 10, ikisogea inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unaenda kwa wenzao, na njia ya haraka ya kusogea ni kwotabaki kuutupa mpira mbele na mtu anaitwa resiva kuudaka huku kuna jamaa anamganda mgongoni anataka kumzuia. Basi ndio hivyo, mengine mtayajua mkicheza.

Taylor amezaliwa Agosti 1935 Kansas City, Missouri, sekondari akasoma Lorado huko West Virginia, kule kwenye milima ya makaa ya mawe, alafu akaenda chuo kidogo tu, New Mexico Highlands, ambako alicheza futiboli na basketi pia. Na hiyo basketi muikumbuke, kwasababu kuurukia mpira juu na kumweka beki mgongoni ni kitu cha basketi kabisa. Mwaka 1959 akaingia Chicago Bears, timu kubwa ya NFL, ile ligi kuu ya kulipwa Marekani, na unajua walimweka wapi? Kwenye ulinzi, lainibeka! Mtu ana mikono ile alafu anaambiwa kazi yako ni kukaba. Akacheza mechi chache hapo bila kudaka hata mpira mmoja wa pasi.

Sasa mwaka 1960 ikaanzishwa ligi mpya, AFL, kushindana na NFL, na watu waliidharau kweli kweli, timu ya Denver Broncos ndio ilikuwa ya kusikitisha zaidi maana haikuwa na hela, jezi zao zilikuwa za rangi ya kahawia na njano zilizonunuliwa kutoka kwenye mashindano ya chuo yaliyokuwa yameshakufa, na soksi zenye mistari ya kusimama wima, wachezaji wenyewe walizichukia mpaka baadae zikachomwa moto hadharani. Taylor akaondoka Chicago kwenye jina kubwa akaenda Denver kwenye soksi hizo. Kwanini? Kwasababu Denver wangemwacha adake. Alichelewa, mechi mbili za kwanza hakuwepo, akacheza 12 tu, na katika hizo 12 akadaka mipira 92.

Mwaka uliofuata, 1961, akadaka 100. Nataka mkae na hiyo namba kidogo. Kabla ya hapo hakuna mtu kwenye ligi za kulipwa aliyewahi kufikisha mia kwa msimu mmoja, na msimu ulikuwa wa mechi 14 tu, na mwaka huohuo kule NFL aliyeongoza, Jim Phillips wa Rams, alidaka 78. NFL yenyewe ilisubiri mpaka 1984 ndio Art Monk akavuka mia, na yeye alikuwa na mechi 16. Taylor akaongoza AFL kwa kudaka mwaka 1960, 61, 62, 63 na 65, yaani misimu mitano kati ya sita ya mwanzo, na huo mmoja alioukosa alipitwa na Charley Hennigan wa Houston aliyedaka 101. Ukijumlisha hiyo misimu sita unapata 508. Kwa timu ambayo kwenye miaka yote kumi ya AFL haikumaliza hata msimu mmoja ikiwa imeshinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza! Kila beki alijua mpira unaenda kwa nani, Frank Tripucka aliyekuwa anatupa hakuwa na wengi wa kuwatupia, na bado mpira ulimfikia na ulibaki mkononi.

Na hakuwa na mbio. Hili ndilo linanifanya nimpende huyu mtu. Hakuwa na mbio za kumwacha beki nyuma, alikuwa na ufundi wa kujua nafasi iko wapi, kupunguza, kugeuka kwa ghafla, na kudaka mpira akiwa amebanwa. Nikiwasikia makocha wetu wanachagua vijana kwa kuwakimbiza mita 100 tu naumia, kwasababu wangemrudisha Lionel Taylor nyumbani siku ya kwanza.

Hebu tuangalie kudaka kwenyewe maana hapo ndio kuna somo. Mpira huu una uzito wa gramu 400 na kidogo, umechongoka pande zote mbili, na unakuja unazunguka. Ukija juu ya kifua, vidole gumba vinakaribiana na viganja vinaangalia mbele, ule uwazi katikati unaufuata kwa jicho na ncha ya mpira inaingia hapohapo. Ukija chini ya kiuno unageuza, vidole vidogo ndio vinakutana, viganja juu. Mikono inatangulia mbele ya mwili, usiusubiri upige kifua kwasababu kifua kinaurudisha, alafu unaupokea kwa vidole, viwiko vinalegea kidogo, unasikia mlio mdogo laini, ukisikia pa! kama kofi ujue mkono ulikuwa mgumu. Alafu, na hapa ndipo asilimia kubwa ya watoto wanaangusha, jicho linabaki kwenye mpira mpaka uingie kwapani, usianze kuangalia beki yuko wapi, beki atakuja tu. Na wale mabinti waliokua wanacheza rede na netiboli wana nusu ya haya tayari kwenye vidole, wachukueni, msisubiri wawafuate.

Sasa tuje kwenye ukocha. Alimalizia kucheza Houston Oilers mwaka 1968, jumla amedaka 567, na 1970 kocha mkuu Chuck Noll akamchukua Pittsburgh Steelers awafundishe maresiva. Pittsburgh wakati ule ilikuwa timu ya kushindwa miaka na miaka. Mwaka 1974, kwenye zile raundi ambazo timu zinachagua wachezaji kutoka vyuoni, wakachagua vijana wawili, Lynn Swann kutoka USC, chuo kinachojulikana dunia nzima, na John Stallworth kutoka Alabama A&M, chuo cha weusi ambacho maskauti wengi walikuwa hawakitilii maanani. Mmoja raundi ya kwanza, mwenzake ya nne, wote wakakabidhiwa kwa mwalimu mmoja, Taylor. Januari 1975 Steelers wakachukua Super Bowl, yaani fainali ya NFL, yao ya kwanza, Januari 1976 wakachukua ya pili dhidi ya Dallas 21 kwa 17, na Swann akawa mchezaji bora wa mechi kwa kudaka mara nne tu lakini yadi 161, ikiwemo tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani na kufunga, ya yadi 64. Nani alimfundisha Swann kuruka ni Mungu, lakini kazi ya kila siku ya mazoezini ilikuwa na mwalimu. Swann na Stallworth wote wako kwenye Ukumbi wa Watu Mashuhuri pale Canton, Ohio, mmoja 2001 na mwingine 2002.

Alafu ona dunia ilivyo. Mwaka 1977 Taylor akahamia Los Angeles Rams, na Januari 1980 Rams wakafika Super Bowl pale Pasadena, wapinzani wakiwa nani? Steelers! Wanafunzi wake. Maresiva wake wapya, Billy Waddy akadaka ya yadi 50, Ron Smith akadaka tachidauni, Rams wakaingia robo ya mwisho wanaongoza 19 kwa 17, alafu Stallworth akatoroka akaudaka kwa kuugeukia juu ya bega na kukimbia, yadi 73, mechi ikaisha 31 kwa 19. Swann naye alikuwa ameshafunga kabla. Mwalimu kashindwa na mikono aliyoifundisha mwenyewe, mimi sijui alijisikiaje na sitamwekea maneno mdomoni.

Msimu uliofuata Rams wakampa uratibu wa mashambulizi yote, 1980 na 1981, na alikuwa miongoni mwa weusi wa kwanza kabisa kupewa kazi hiyo kwenye NFL. Lakini kiti cha kocha mkuu wa NFL hakukipata, na mjue mtu mweusi wa kwanza kukipata kwenye NFL ya kisasa ni Art Shell, 1989, yaani watu kama Taylor wakiwa na pete za ubingwa vidoleni waliangalia makocha wasio na walichonacho wao wakipita mbele. Inauma, na nasema inauma bila kupunguza. Akapita Oregon State, alafu Texas Southern chuo cha weusi Houston akawa kocha mkuu kuanzia 1984, alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, akarudi NFL kidogo na Cleveland.

Na London? Ndio nilikuwa naifuata. NFL ilitaka kuupeleka mchezo Ulaya, Waingereza walikuwa wameanza kuuona kwenye runinga ya Channel 4 tangu 1982, mwaka 1986 Bears na Dallas wakacheza Wembley mbele ya watu zaidi ya elfu 80, basi 1991 ikaanzishwa World League na London Monarchs wakachukua ubingwa wa kwanza palepale Wembley, 21 kwa 0 dhidi ya Barcelona, watu 61,108 uwanjani. Shangwe tupu! Mwaka mmoja baadae ligi ikasimamishwa, ikarudi 1995 na timu sita za Ulaya, lakini ile shangwe haikurudi nayo. Msimu wa 1996 Monarchs wakaanza vibaya, kocha akaondolewa baada ya mechi mbili, timu akapewa Taylor akiwa na miaka 60.

Angalia alichopewa. Msimu ni mechi 10 tu kuanzia Aprili mpaka Juni, wachezaji wengi wameazimwa na timu za NFL na mwaka ujao hawarudi, na sheria inadai wachezaji wa nyumbani, yaani Waingereza, nao waingie uwanjani kwa zamu, watu waliojifunza mchezo ukubwani. Uwanja wenyewe, White Hart Lane wa Tottenham, haukutosha, ulikuwa na yadi 93 badala ya 100 na ligi ikabidi itoe ruhusa maalum. 1996 alikuwa na William Perry, yule jibaba la Chicago waliloliita Friji, na 1997 mpigaji wake wa mateke alikuwa Clive Allen, ndio huyohuyo Clive Allen wa Tottenham aliyefunga magoli 49 kwenye msimu wa 1986-87, mashabiki wa Spurs mliopo hapa mnamjua. Yaani kocha mmoja anamweleza mshambuliaji wa soka mwenye miaka zaidi ya 35 mpira wa mayai unapigwaje, saa hiyohiyo anamwonyesha kijana wa Kiingereza vidole gumba vinakaa wapi, na wiki ijayo ana mechi. Hiyo ndio kazi ya kocha wa kimataifa nyie, sio picha za ndege na mabegi.

Hakuchukua ubingwa London, alishindwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, na 1997 timu ikahamishiwa Stamford Bridge, 1998 ikabadilishwa jina ikawa England Monarchs na kuzungushwa London, Bristol na Birmingham, alafu ikafungwa na nafasi yake ikaenda Berlin. Mimi lawama siziweki kwa kocha. Timu inayobadilisha nyumba kila mwaka shabiki ataifuata wapi, mtoto aliyependa mchezo atakwenda mazoezi wapi? Waliuza shangwe kwanza wakati ufundi ulikuwa haujaota mizizi, na shangwe peke yake inaisha. Leo palepale White Hart Lane kuna uwanja mpya uliofunguliwa 2019 una nyasi ya pili chini yake maalum kwa NFL, na unajaa.

Kwetu huku njia iko wazi kuliko ilivyokuwa London ya Taylor. Daniel Adongo wa Kenya alitoka raga moja kwa moja akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013, na futiboli ya bendera, ile isiyo na kugongana, watu watano kwa watano, wanaume na wanawake, imeingizwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Na bendera ni mchezo wa mikono, kila mtu anadaka, hamna cha jitu la kilo 150, gharama yake ni mpira na vitambaa vya kiunoni.

Broncos walimweka kwenye orodha yao ya heshima mwaka 1984 ilipoanzishwa, yeye na wenzake watatu wa kwanza kabisa. Canton bado. Mtu wa kwanza kudaka mia, mwalimu wa Swann na Stallworth, na mlango haujafunguliwa, mimi kila nikipata jukwaa nitalisema hili na leo nimelisema. Sasa jamani kabla ya maswali, zimeni hizo taa za nyuma tuiangalie ile mechi ya Januari 1976, na msimwangalie Swann anavyoruka, angalieni mikono yake kabla mpira haujafika.