Kiatu cha Kessy

MWANAIDI: Karibuni tena. Kessy leo kaja studio na ndala.

KESSY: Dada, usianze.

MWANAIDI: Waeleze ya Jumamosi.

KESSY: Harusi, Mbagala. Mpiga picha, binti wa watu, akaanguka kifafa mbele ya maharusi. Kabla sijafika, bamkubwa kanivua kiatu anataka kumnusisha.

MWANAIDI: Viatu vyote vya ukumbi, akachagua chako!

KESSY: Eti kikali ndicho kinachozindua.

MWANAIDI: Mzee ana pua ya utafiti.

KESSY: Nikamlaza ubavu, nikafukuza wenye vijiko, nikatazama saa. Akatulia.

MWANAIDI: Na kiatu?

KESSY: Hakijaonekana.

MWANAIDI: Kipo zahanati, kinaandikiwa watu kutwa mara tatu.

KESSY: Sikiliza basi. Tukiwarudisha na Bajaji, yule binti na mama yake, nasikia dawa anakunywa akijisikia vibaya tu. Hakuna aliyewahi kuwaambia kifafa kinaweza kuua ghafla, usingizini. Katika watu wazima 1,000 wenye kifafa, karibu mmoja kila mwaka. Cameron Boyce, mwigizaji wa Marekani, alikwenda hivyo 2019. Miaka 20.

MWANAIDI: Ni moyo unasimama?

KESSY: Mara nyingi pumzi inatangulia. Utafiti wa MORTEMUS, 2013, uliangalia wenye kifafa waliofia hospitalini wakiwa kwenye mashine za kupima ubongo: mwili mzima unakakamaa na kutikisika, ukitulia tu pumzi na mapigo vinavurugika, pumzi inakata, moyo unafuata. Halafu wapo wanaoitwa wa kifafa kumbe tatizo ni umeme wa moyo, hitilafu inayoitwa QT ndefu. Mapigo yanakwenda ovyo, mtu anaanguka, anatetemeka. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ndiyo inaweza kuwaumbua.

MWANAIDI: Au kiatu.

KESSY: Mwanaidi!

MWANAIDI: Haya. Yote hayo umeyamwaga kwenye Bajaji?

KESSY: Ndiyo.

MWANAIDI: Mbele ya mama yake! Sasa nani atamruhusu tena kwenda kazini usiku? Nimekua na ndugu aliyefungiwa ndani kwa hofu ya kuanguka. Shule ikaisha hapo.

KESSY: Kinachoongeza hatari ni kule kushikwa na kifafa kwenyewe, hasa usiku ukiwa umelala peke yako. Dawa ya kila siku inapunguza. Asipojua, ataacha tena.

MWANAIDI: Aambiwe na daktari wake, kwa utaratibu. Si na mtu wa kiatu kimoja.

KESSY: Daktari hakumwambia!

MWANAIDI: Basi ungemwomba namba, uongee naye peke yake kesho yake.

KESSY: Na usiku ule je?

MWANAIDI: Usiku ule kalala na hofu, na mama yake mlangoni.

KESSY: Afadhali mama awe mlangoni.

MWANAIDI: Sikubaliani na wewe.

KESSY: Wala mimi.

MWANAIDI: Na fundi ananionyesha saa. Tulisema leo tufundishe huduma ya kwanza, hatua kwa hatua.

KESSY: Dakika 5 zikipita hajatulia, hospitali! Mdomoni usitie kitu, usim…

MWANAIDI: Muziki huo umeshaingia, Kessy. Wiki ijayo tuna mgeni, mama wa VICOBA.

KESSY: Usimkandamize!