Jina Lako Limo Kwenye Barua ya Chifu?

(Mhadhara kwa kina mama, Kondele, Kisumu)

Kina mama, dada zangu, na nyinyi wazee mliokuja kutusikiliza, hamjambo?

Naanza na karatasi. Dada mmoja wa upande wa Ahero alinijia na barua ya chifu, kaikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la leso. Muhuri upo, majina ya warithi wa baba yake yapo: manne, yote ya kaka zake. Yeye na mdogo wake, waliomuuguza mzee mpaka akakata roho, hawamo. Alipouliza, akajibiwa, "Nyinyi mmeshaolewa."

Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi huo, hata kwenye ardhi, na imesema mila inayopingana nayo ni batili. Lakini hata kabla yake, Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, inapogawa mali ya marehemu asiyeacha wosia haisemi mvulana wala msichana. Inasema mtoto.

Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya urithi wa shamba la familia ya Rono kule Eldoret. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana wa kiume ekari 30 kila mmoja, mabinti ekari 5, kwa kuwa hao wataolewa. Majaji wa rufani wakakataa: nani ana hakika kwamba binti ataolewa? Mimi hukumu hiyo hunipa nguvu kila ninapoikumbuka.

Tatizo ni kwamba kesi ya mirathi huanzia kwenye barua ile ya chifu, na hakimu hawezi kumjua mtoto asiyetajwa. Kwa hiyo baba akishazikwa, usikae nyumbani kungoja kuitwa. Nenda mwenyewe kwa chifu na kitambulisho, nenda na shangazi anayejua ulizaliwa boma lipi. Ukiletewa fomu ya kukubali wengine wasimamie mali ya baba, utie kidole, isomwe kwanza, neno kwa neno, kwa lugha unayoielewa. Nawasihi sana hapo, maana wengi wamepotezea shamba kwenye kidole hicho.

Kesi ikishatangazwa kwenye Gazeti Rasmi, kuna siku 30 za kuweka pingamizi. Na zikipita? Hati ya usimamizi, ile inayompa mtu mamlaka juu ya mali ya marehemu, ikiwa ilipatikana kwa kuficha warithi, mahakama inaweza kuifuta, hata baada ya miaka.

Yule dada tumeshampatia nakala ya faili. Juzi kaka yake mkubwa alipiga simu, akauliza kama wanaweza kukaa chini waongee kabla kesi haijatajwa. Dada amekubali, ila kasema mdogo wake naye awepo.