Tuvunje namba 4 294 967 297 kwa kaye na biki

Jambo kwenu wote mnaotuangalia, hapa Lubumbashi na kwingineko. Nyinyi wa humanité (sekondari) mnaojitayarisha kwa EXETAT, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kamateni kaye na biki. Mashine ya kuhesabia wekeni kando, leo haitatusaidia kitu.

Andika juu kabisa: 4 294 967 297. Ni 2³² ukiongeza 1. Pierre de Fermat, mwanahesabu Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kuwa hii ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Alikuwa na sababu: zile za umbo hilo zinazoitangulia, 2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1 na 2¹⁶ + 1, yaani 3, 5, 17, 257 na 65 537, zote ni tasa kweli. Mwaka 1732 mwanahesabu Leonhard Euler akaonyesha kwamba hii inavunjika, yaani inagawanyika kwa namba nyingine.

Kwanza tutafute pa kuivunjia. Usianze kugawa kwa 3, kwa 7, kwa 11, ukiendelea hivyo, utafika usiku. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikipunguza 1, lazima kigawanyike kwa 128. Euler alitumia 64, na mwanahesabu Édouard Lucas akaifikisha 128 mwaka 1878. Basi orodhesha: 129, 257, 385, 513, 641. Futa 129, 385 na 513, si tasa. Ukigawa kwa 257 inabaki 2. Tunashika 641.

Sasa simamisha video kidogo, maana hapa ndipo penye utamu wote. Tutahakikisha 641 bila kugawa. Andika sura zake mbili:

641 = 5 × 2⁷ + 1
641 = 5⁴ + 2⁴

Tunafuata baki tu, ile inayobaki ukigawa kwa 641. Sura ya kwanza inasema 5 × 2⁷ ina baki −1, yaani imepungukiwa 1 tu kufika 641. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ina baki 1. Sura ya pili inasema 5⁴ ina baki sawa na ya −2⁴. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴: −2³² ina baki 1. Kwa hiyo 2³² + 1 ina baki 0. Imegawanyika! Rudia mistari hii mpaka uiandike bila kuangalia.

Kisha gawa kawaida: 4 294 967 297 = 641 × 6 700 417.

Je, 6 700 417 nayo inavunjika? Wengi huishia pale juu, na mimi naona hesabu hapo haijaisha. Kama inavunjika, lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni kama 2588. Na vigawo vyake ni vigawo vya 4 294 967 297 pia, kwa hiyo kanuni ya 128 bado inashika. Chini ya 2588, ukiacha 257 tuliyokwisha kuitupa, tasa za namna hiyo ni nne tu. Gawa kwa 641, inabaki 44. Kwa 769, inabaki 120. Kwa 1153, inabaki 334. Kwa 1409, inabaki 622. Hakuna iliyoingia sawasawa, basi 6 700 417 ni tasa.