Kuandaa SSD ya rekoda na kuingiza picha kwenye Resolve, kazi ya mtu isipotee

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Leo niko nyumbani Mikindani, mkisikia mvumo kwenye maiki ni kusi hiyo inatoka baharini mnivumilie. Jumamosi nina harusi Mtwara mjini, Shangani, kwaiyo naandaa SSD zangu, zile diski ambazo rekoda iliyounganishwa na kamera inarekodia video, na nimeona tuandae pamoja, mana hii kazi wengi tunaifanya usiku usingizi umeshatujaa na ndo hapo mambo yanapoharibika.

Kabla ya yote angalia humo ndani kuna nini. Chomeka kwenye laptopu, fungua folda moja moja. Mimi mwaka juzi nilifomati diski, yani kufuta vyote, nikijua nimeshahamisha kumbe nimehamisha nusu, nusu iliyobaki ilikuwa siku ya mwali kutolewa nje, mama yake kaweka hela ya korosho ya msimu mzima ili binti arekodiwe, nikamrudishia hela yake yote lakini mwali hatoki ndani mara mbili. Ndo mana mnaona hizi plasta nimezibandika kwenye SSD. Nyekundu ina kazi ya mtu, nyeupe haina kitu, na nyekundu haibanduki mpaka kazi iko sehemu mbili na nimezifungua zote nikatazama kwa macho.

Haya, ipo tupu. Sasa fomati, na fomatia kwenye rekoda yenyewe sio kwenye kompyuta. Hii yangu ni Blackmagic Video Assist, SSD inaingia kwa waya wa USB-C, ukienda kufomati inakuuliza exFAT au HFS+, hizo ni namna mbili za kupanga faili kwenye diski. Chagua exFAT, Windows na Mac zote zinaisoma na kuiandikia, hiyo nyingine ni ya Mac, kwenye Windows mpaka utafute programu ya kuongezea. Ila exFAT haipendi kukatwa ghafla, ukichomoa waya wakati inarekodi faili linaweza lisifunguke kabisa, kwaiyo mimi waya naubana na gundi ya karatasi hapa pembeni, watoto wa harusini wanapita wanavuta.

Kamera iweke fremu 25 kwa sekunde, umeme wetu ni hezi 50 na taa za ukumbini hazitachezacheza sana. Kwenye rekoda chagua ProRes 422 ya kawaida, hiyo ni aina ya faili la video, kwa HD inakula kama GB 55 kwa saa, HQ ile ya ubora wa juu zaidi inakula 83. Ukienda 4K ni zaidi ya GB 220 kwa saa, yani SSD ya GB 500 inakupa masaa mawili tu na bwana harusi hata hajafika, fanya hesabu mapema. Rekodi dakika tano, icheze, sikiliza na sauti. Nzuri? Futa, tunaenda.

Sasa umerudi na picha. Angalia tundu unalochomeka, USB 2 kwa GB 200 utakaa kama saa na nusu, USB 3 ambalo mara nyingi ni la bluu ni haraka zaidi sana. Na laptopu iwe na chaji ya kutosha, umeme ukikatika katikati ya kukopi ni kuanza upya. Usikopi kwa kuburuta, fungua programu ya kuediti, DaVinci Resolve ile ya bure, ukurasa wa Media, washa Clone Tool, weka SSD kama chanzo na diski mbili kubwa kama sehemu za kupeleka, yenyewe inakopi na inahakiki kwamba kilichofika ndo kilichotoka.

Hapa nisikilizeni vizuri. Programu ya kuediti haimezi picha zako, inakumbuka tu zilipo. Ukivuta klipu moja kwa moja kutoka kwenye SSD ya rekoda utaediti vizuri siku mbili, alafu ukiifomati kwa kazi nyingine unafungua projekti unakuta kila kitu chekundu, Media Offline, na hapo hakuna cha kuunganisha. Kwaiyo klipu zivute kutoka diski kubwa, siku zote. Na kabla hujavuta hata moja ingia seting za projekti uweke fremu 25, mana ukishaingiza klipu kuibadilisha inaweza kukusumbua.

Laptopu ikiwa nzito, shika klipu zote, bonyeza kulia, Generate Proxy Media, iache ikatengeneze nakala nyepesi wewe nenda kale. Ukirudi timelaini, pale unapopanga klipu, inateleza.

Mwisho, hapa natumia SSD nyingine ya harusi iliyopita, natazama klipu ya kwanza, ya katikati, na ya mwisho, kwenye diski zote mbili. Hii hapa bi harusi anashuka garini... hii wanakata keki... hii wazee wanaaga. Zipo. Plasta nyekundu naibandua sasa hivi, naweka nyeupe. Diski moja inabaki hapa kabatini kwenye kopo na vile vipakti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, chumvi ya bahari inakula vyuma, na ya pili nampelekea dada kwake Mtwara ikalale huko.