Kalenda ya Wajapani Si Upuuzi

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana kila Februari, Siku ya Paka ya Japani ikifika, watu bado wananitumia picha za paka na kuniuliza, "Hawa Wajapani wana nini?" Hawana wazimu wowote. Wana tarakimu zenye sauti nyingi, na wanajua kuzitumia: sauti za tarehe zikiunda neno, siku hiyo huwa ya kitu hicho.

Mbili yao husomwa ni, na husomwa fu pia. Nane ni hachi, ni ha, ni ya. Sita ni roku au mu. Wanahesabu kwa namna mbili, ya kwao ya asili na ile iliyotoka China, kisha hukata neno wakabaki na silabi. Agosti 4, nane na nne, ha na shi: hashi, vijiti vya kulia chakula. Siku hiyo, katika hekalu la Hie jijini Tokyo, vijiti vilivyokwisha kutumika huchomwa moto kwa shukrani.

Sasa mfano ninaoupenda kuliko yote, mnivumilie. Tarehe 22 ya kila mwezi ni siku ya keki ya stroberi, ile nyeupe ya krimu yenye tunda jekundu juu. Itafute keki katika sauti za 22, huipati ng'o. Chukua kalenda ya ukutani, ile yenye wiki kwa mistari. Weka kidole kwenye 22. Panda mstari mmoja. Umefika 15, uwe mwezi wowote, maana wiki ni siku saba. Moja na tano, ichi na go: ichigo, stroberi! Basi 22 imebebeshwa stroberi kichwani mwaka mzima. Wazo hili lilitoka kwenye duka la keki mjini Sendai. Duka moja tu! Tangazo lake ni kalenda ambayo kila mtu alikuwa ameshaitundika nyumbani kwake.

Namsikia mtu ananong'ona: biashara tu hiyo. Biashara ipo, sikatai. Siku ya Pocky, biskuti za vijiti, ilianza Novemba 11, 1999, mwaka wa 11 wa Heisei, enzi ya mfalme wa wakati huo, na kampuni ya Glico iliona vizuri kwamba 1 zikisimama pamoja zinafanana na vijiti vyake vya biskuti. Lakini Mei 30 inamuuzia nani kitu? Tano, tatu, sifuri: go, mi, zero. Gomi ni takataka, kwa hiyo takataka sifuri. Kampeni hiyo ilianzia Toyohashi mwaka 1975, kuwahimiza watu wazoe taka zao wenyewe. Na madaktari wa meno walianza kuiadhimisha Juni 4 tangu 1928: mu na shi, mushi, mdudu. Wajapani, kama sisi, husema jino bovu limeliwa na mdudu. Mtoto akishasikia hivyo, nani atamkumbusha tarehe tena?

Mwingine ataniambia, mbona na sisi tuna Saba Saba na Nane Nane? Hapo sikubali hata kidogo. Saba Saba ni tarehe iliyogeuka jina kwa sababu ya tukio. Kwa Wajapani tukio si lazima, sauti inatosha.

Wala si mambo ya jana. Katika Man'yoshu, diwani ya mashairi ya karne ya 8, neno shishi, mnyama wa kuwindwa, liliweza kuandikwa kwa tarakimu za 16, na msomaji akajua ni nne mara nne, shi kwa shi. Mnaoita huu utoto, mjibuni huyo mshairi kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Paka ni Februari 22, ni-ni-ni, kwa kuwa paka wa Japani hulia nyan, ilianza 1987. Natto, yale maharage ya soya yaliyochachushwa, Julai 10, saba na kumi, na-to. Nyama ni tarehe 29 ya kila mwezi, ni-ku, na maduka hupunguza bei. Tangu 1991 kuna chama kinachosajili siku hizi kwa ada. Na aliyetaka kuuliza kwa nini hospitali nyingi za kule hukwepa chumba namba 4: nne husomwa shi, na shi ni kifo pia. Wenye maswali, mikono juu.